Ng'ombe Wachache, Fahali Mmoja: Magonjwa ya Kurithi na Jinsi Mfugaji wa Chaani Anavyoweza Kuyaepuka

Mfugaji wa mjini hana nafasi ya kupoteza ndama. Katika wadi ya Chaani, kaunti ndogo ya Changamwe, nyumba zimekaribiana, malisho ya kuachia mifugo hayapo, na majani hununuliwa au hukatwa mbali na kuletwa kwa pikipiki au mkokoteni. Anayefuga hapa hufuga bandani: ng'ombe wawili, watatu, pengine wanne. Maziwa ya asubuhi huenda kwa majirani na vibanda vya chai, na pesa zake ndizo zinazolipa karo, kodi ya nyumba na pumba za kesho.

Mimba ya ng'ombe huchukua takriban siku 283, yaani miezi tisa na zaidi kidogo. Ng'ombe akitupa mimba ya miezi saba, mfugaji amemlisha muda wote huo bila ndama, na mara nyingi bila maziwa ya kutosha. Kisha atasubiri apone, apandishwe tena na abebe mimba upya. Kwa mwenye ng'ombe mia, hiyo ni hasara moja kati ya mia. Kwa mwenye ng'ombe watatu, theluthi ya mapato ya nyumba imekatika kwa karibu mwaka mzima.

Jambo kama hilo likitokea, lawama huwa hazikosi pa kuangukia. Wengine humlaumu mtaalamu aliyempandisha ng'ombe, wengine husema ni dawa ya kupe, na wapo wanaosema ni jicho la hasidi. Mara nyingi chanzo ni ugonjwa wa kuambukiza, na huo ndio wa kuchunguzwa kwanza. Lakini kuna chanzo kingine ambacho hakizungumzwi sana vibandani: kasoro ya kurithi, iliyojificha katika damu ya baba na mama ambao wote wawili wanaonekana wazima.

Makala haya yanaeleza kasoro hizo hutoka wapi, kwa nini mwenye ng'ombe wachache yuko hatarini kuliko mwenye kundi kubwa, na hatua zipi zinazuia hasara. Nyingi kati ya hatua hizo ni rahisi, na ya kwanza haigharimu zaidi ya bei ya daftari.

JENI MBOVU HUJIFICHAJE?

Kila kiumbe hurithi maagizo ya mwili wake kutoka kwa wazazi wawili. Maagizo hayo huitwa jeni, na ndama hupata nakala mbili za kila jeni, moja ya baba na moja ya mama. Nakala moja ikiwa na kasoro na nyingine ikiwa nzima, mara nyingi ile nzima hutosha kufanya kazi. Ng'ombe huyo atakua, atakamuliwa na atazaa kama wengine. Wataalamu humwita mbebaji: anabeba kasoro bila kuugua.

Tatizo huanza mbebaji anapopandishwa na mbebaji mwenzake. Kwa kila mimba yao, uwezekano ni huu: ndama mmoja kati ya wanne hupata nakala mbili nzima, wawili kati ya wanne hupata nakala moja nzima na moja mbovu na kuwa wabebaji kama wazazi wao, na mmoja kati ya wanne hupata nakala mbili mbovu. Huyo wa mwisho ndiye anayekufa tumboni, anayezaliwa na kasoro au anayedhoofika katika wiki za kwanza.

Hesabu hiyo ni ya uwezekano, kama kurusha sarafu. Wazazi wabebaji wanaweza kuzaa ndama watatu wazima mfululizo, na mfugaji akaamini hakuna tatizo. Wanaweza pia kupoteza wawili mfululizo. Ndiyo maana macho peke yake hayatoshi kumtambua mbebaji.

FUNZO LA NG'OMBE WAFUPI WA IRELAND

Mfano ulio wazi zaidi duniani ni wa ng'ombe aina ya Dexter, ambao asili yao ni Ireland. Ni miongoni mwa ng'ombe wadogo kabisa wa Ulaya: jike hufikia takriban mita moja begani na uzito wa kilo 300 hadi 350. Hula kidogo, hutoa maziwa na nyama, na hutosheka na eneo dogo. Kwa sababu hiyo wanapendwa na wafugaji wadogo katika nchi nyingi, watu wenye shida ile ile ya nafasi iliyopo Chaani.

Katika aina hiyo kulikuwa na wanyama wenye miguu mifupi sana na wengine wenye miguu ya kawaida. Wanunuzi waliwapenda wale wafupi. Lakini wafupi walipopandishwa kwa wafupi, baadhi ya mimba zilitoka kabla ya mwezi wa saba, na kilichotoka kilikuwa ndama mwenye kichwa cha mviringo kilichovimba, uso uliobonyea, ulimi uliotokeza na miguu ambayo haikukua.

Sababu yake ni jeni inayoongoza ukuaji wa mifupa na gegedu. Nakala moja mbovu humfanya ng'ombe awe mfupi, na nakala mbili huua ndama tumboni. Kwa maneno mengine, sifa ambayo wanunuzi waliilipia zaidi sokoni ndiyo iliyokuwa alama ya hatari. Kwa miaka mingi wafugaji walichagua wabebaji kwa mikono yao wenyewe, wakidhani wanachagua ubora.

Mwaka 2007, watafiti wa Australia walitangaza kuwa wameitambua jeni hiyo na mabadiliko yanayoiharibu. Tangu hapo mfugaji wa Dexter anaweza kung'oa nywele chache za mkia, kuzituma maabara na kujua kama ng'ombe wake ni mbebaji. Kuna kasoro ya pili katika aina hiyo ambayo hupimwa kwa njia hiyo hiyo. Hiyo humfanya ndama ajae maji mwilini na mapafu yake yasikue. Ndama huwa mkubwa kupita kiasi, na mama huweza kufa katika kuzaa.

Jambo la kuzingatia ni kile wafugaji hao walichofanya baada ya kipimo kupatikana. Hawakulazimika kuchinja wabebaji. Mbebaji akipandishwa na fahali aliyepimwa na kuonekana hana kasoro, hakuna ndama hata mmoja atakayepata nakala mbili mbovu. Kipimo ni cha kuchagua mwenzi wa kupandisha.

FRIESIAN NAYE HAKUSALIMIKA

Wafugaji wa Mombasa hawafugi Dexter kwa kawaida. Banda la maziwa la Pwani huwa na Friesian, Ayrshire au Jersey waliochanganywa na zebu wa kienyeji au Sahiwal. Je, kasoro za kurithi zinawahusu?

Zinawahusu. Friesian anayejulikana leo kote duniani ametoka katika koo chache sana. Kukua kwa upandishaji wa mrija, ambapo mbegu ya fahali huhifadhiwa katika naitrojeni ya maji yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, kulimwezesha fahali mmoja kuwa na watoto maelfu katika mabara yote, hata miaka mingi baada ya kufa kwake. Maziwa yaliongezeka sana. Kasoro nazo zilisafiri ndani ya mirija hiyo hiyo.

Fahali wa Marekani aitwaye Pawnee Farm Arlinda Chief, aliyezaliwa mwaka 1962, alikuwa na mabinti zaidi ya 16,000 walioongoza kwa maziwa. Miaka mingi baadaye iligunduliwa kwamba alibeba jeni mbovu ambayo, ikikutana na mwenzake, huua kiinitete tumboni. Watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 2016 walikadiria kuwa jeni hiyo ilisababisha kupotea kwa mimba zipatazo 500,000 duniani katika miaka 35, na hasara ya karibu dola milioni 420. Watafiti hao hao walikadiria kuwa faida ya maziwa iliyotokana na fahali huyo ilifikia dola bilioni 30. Alikuwa fahali mzuri kweli. Kosa lilikuwa kurudisha damu yake kwa wajukuu wake bila kujua alichobeba.

Kabla ya hapo, fahali mwingine wa Marekani, Osborndale Ivanhoe, aliyezaliwa mwaka 1952, alisambaza kasoro inayomnyima ndama kinga ya mwili. Ndama wa namna hiyo huzaliwa mzima, kisha hupata vidonda vya mdomo, nimonia na kuhara kusikopona, hukonda na kufa. Mabadiliko ya jeni yanayosababisha ugonjwa huo yalitambuliwa mwaka 1992. Mfugaji asiyejua habari hiyo angemtibu ndama kwa dawa za bakteria mara tatu au nne, atumie pesa nyingi, na mwisho ampoteze.

Zipo kasoro nyingine za Friesian zinazofahamika: ya uti wa mgongo kupinda au kufupika, ya kiinitete kufa karibu siku ya 40, na ya kwato mbili kuungana kuwa moja kama ya nyumbu. Jersey naye ana zake, ikiwemo inayomfanya ndama ashindwe kusimama kwa sababu miguu ya mbele hutawanyika.

Kasoro zinazoua kiinitete mapema ndizo ngumu zaidi kutambua, kwa sababu mfugaji haoni chochote. Anachoona ni ng'ombe aliyepandishwa akirudi kwenye joto, mara moja, mara mbili, mara tatu, na kila mara analipia mrija mwingine.

HATARI IKO WAPI HAPA CHAANI?

Ng'ombe chotara ana ulinzi wa asili. Zebu wa Pwani na Friesian wa Ulaya ni koo zilizotengana kwa muda mrefu sana, hivyo si rahisi wawe na kasoro moja inayofanana. Ndama wao wa kwanza huwa na nguvu, na huvumilia joto na kupe kuliko Friesian kamili.

Ulinzi huo hupungua kizazi baada ya kizazi. Mfugaji anayetaka maziwa zaidi humpandisha chotara kwa Friesian, binti yake kwa Friesian, na mjukuu kwa Friesian tena. Kila hatua damu ya zebu inabaki nusu ya ilivyokuwa: nusu, robo, thumuni. Mwisho pande zote mbili za ukoo zinafika kwa mababu wale wale.

Hatari kubwa zaidi ni ile ya fahali wa mtaa. Ni kawaida mtu mmoja kuwa na dume, na majirani kumletea ng'ombe wao kwa malipo madogo au kwa hisani tu. Fahali akitumika muda mrefu, hukutana na binti zake mwenyewe. Hesabu yake ni hii: miezi tisa ya mimba, na miezi kama 15 ya mtamba kukua hadi kupandishwa kwa mara ya kwanza, jumla ni miaka miwili. Tangu siku ya kwanza ya kazi yake, baada ya miaka miwili fahali huyo anaweza kumpanda mtoto wake, na pengine hakuna anayekumbuka kuwa ni mtoto wake.

Kama fahali huyo ni mbebaji, kila binti yake ana uwezekano wa nusu kuwa mbebaji pia, hata kama mama zao wote walikuwa wazima kabisa. Akimpanda binti, uwezekano wa ndama mwenye nakala mbili mbovu ni mmoja kati ya wanane. Hiyo ni kwa jeni moja tu. Ng'ombe yeyote anaweza kubeba kasoro zaidi ya moja, na kuzaana kwa baba na binti huzifichua zote pamoja. Hata pale ambapo ndama hafi, uzao wa karibu hupunguza uzito wa ndama, maziwa, uwezo wa kushika mimba na nguvu ya kupambana na magonjwa.

Hapo ndipo udogo wa kundi unapokuwa hatari. Mwenye ng'ombe mia ana mafahali kadhaa na anaweza kuwatenganisha. Mwenye watatu, ambao pengine ni mama, binti na mjukuu, ana ukoo mmoja bandani na fahali mmoja mtaani.

DAFTARI KABLA YA MAABARA

Hatua ya kwanza ya kuzuia kasoro za kurithi ni kumbukumbu. Daftari la kurasa 96 linatosha kwa kundi dogo kwa miaka mingi. Kila ng'ombe apewe ukurasa wake, na mambo haya yaandikwe:

1. Jina au namba ya hereni, tarehe ya kuzaliwa au ya kununuliwa, na alikonunuliwa.

2. Jina la mama na la baba. Kama baba alitoka kwenye mrija, jina na namba ya fahali vinakiliwe kama vilivyochapwa kwenye mrija wenyewe.

3. Tarehe ya kila joto na kila kupandishwa, na jina la aliyepandisha.

4. Tarehe ya kuzaa, jinsia ya ndama na hali yake. Kama mimba ilitoka, iandikwe ilikuwa ya miezi mingapi na ndama alionekanaje.

5. Ndama aliyekufa: alikufa akiwa na umri gani na baada ya dalili zipi.

Baada ya miaka mitatu daftari hilo huanza kujibu maswali. Likionyesha kuwa mimba mbili zilizotoka zote ni za fahali mmoja, huo ni ushahidi ambao daktari wa mifugo anaweza kuufanyia kazi. Kumbukumbu ya kichwani haitoshi, hasa pale ambapo baba ndiye hupeleka ng'ombe kwa fahali, mama ndiye hukamua, na kijana ndiye huleta majani. Kila mmoja anajua kipande chake.

Pamoja na daftari, wafugaji wanashauriwa kuzingatia kanuni nne:

Fahali abadilishwe au aondolewe eneo hilo kila baada ya miaka miwili. Asihamishiwe banda la jirani ambako binti zake wameuzwa.

Ndama dume watengwe na ndama jike wafikapo miezi sita, au wahasiwe. Dume mchanga anaweza kumpa mimba dada yake kabla mwenye banda hajadhani kuwa amekomaa.

Mtamba aliyezaliwa pacha na dume asitunzwe kwa ajili ya kuzaa kabla ya kuchunguzwa. Zaidi ya tisa kati ya kumi wa namna hiyo huwa tasa, kwa sababu homoni za pacha dume huharibu viungo vyake vya uzazi tumboni. Hii si kasoro ya kurithi, lakini wengi hulisha mtamba huyo miaka miwili wakimsubiri.

Anayenunua ng'ombe aulize baba yake ni nani. Muuzaji asiyejua hana hatia, lakini bei yake haifai kuwa sawa na ya anayeweza kuonyesha kumbukumbu.

KUSOMA MRIJA

Nchini Kenya, kituo cha serikali cha kuzalisha mbegu za mafahali kiko Kabete. Kilianzishwa mwaka 1946, na tangu mwaka 2011 kinaitwa Kenya Animal Genetic Resources Centre. Kituo hicho huchapisha orodha ya mafahali wake, na mfugaji ana haki ya kumuuliza anayempandishia ng'ombe fahali yupi ameletwa na ni wa aina gani. Mbegu za kutoka ng'ambo nazo huuzwa na makampuni mbalimbali.

Kila mrija umechapwa jina au namba ya fahali. Katika orodha za kimataifa za Friesian, baada ya jina la fahali hufuata herufi zinazoeleza vipimo vyake. TL maana yake amepimwa na hana kasoro ya kinga ya ndama iliyotajwa hapo juu, na BL maana yake ni mbebaji. TV ni kwamba hana kasoro ya uti wa mgongo kupinda, na CV ni mbebaji. TY ni kwamba hana kasoro ya uti kufupika, na BY ni mbebaji. TD ni kwamba hana kasoro ya kiinitete kufa siku ya 40, na DP ni mbebaji. Kanuni ya kukumbuka ni rahisi: herufi T ikitangulia, fahali amepimwa na ameonekana salama kwa kasoro hiyo.

Mfugaji asiyeweza kupata orodha anaweza kumuuliza mtaalamu wake maswali matatu kabla ya mtungi kufunguliwa: Fahali huyu ni nani? Amepimwa kasoro zipi? Je, ndiye aliyemzaa ng'ombe huyu ninayetaka apandishwe? Swali la tatu lina jibu kwenye daftari pekee. Mtaalamu anayehudumia mitaa mingi hawezi kukumbuka baba wa kila ng'ombe.

Upandishaji wa mrija hufanywa na watu waliosajiliwa na Kenya Veterinary Board, na mfugaji anaweza kuomba kuona usajili huo. Wakati nao una uzito: ng'ombe anayeonekana kwenye joto asubuhi hupandishwa jioni, na anayeonekana jioni hupandishwa asubuhi inayofuata. Ng'ombe asiposhika mimba, joto hurudi baada ya siku 21 hivi. Kurudi mara moja ni jambo la kawaida. Kurudi mara tatu kunahitaji daktari.

NANI APIMWE, NA LINI?

Kipimo cha jeni si cha kila ng'ombe. Kwa banda la ng'ombe watatu chotara wanaopandishwa kwa mirija ya mafahali waliopimwa, huenda hakuna haja ya kupima hata mmoja. Hata kama jike ni mbebaji, fahali salama kwa kasoro hiyo humlinda ndama.

Kipimo kina maana katika hali hizi:

Mfugaji anapotaka kumkuza dume wake awe fahali wa mtaa. Jike huzaa ndama mmoja kwa mwaka, lakini fahali huweza kuzaa makumi. Pesa ya kipimo ikiwa ndogo, itumike kwa fahali kwanza.

Ndama wawili au zaidi wanapozaliwa na kasoro inayofanana, na daftari linaonyesha kuwa wana babu mmoja.

Mtu anapoanza kufuga ng'ombe wa damu kamili, au aina ambayo kasoro yake inafahamika, kama Dexter. Ng'ombe wa damu kamili nchini huandikishwa katika Kenya Stud Book, na ukoo wao unaweza kufuatiliwa kabla ya pesa kutolewa.

Sampuli yenyewe haina uchungu mkubwa kwa mnyama. Nywele 20 hadi 30 za ncha ya mkia hung'olewa, hazikatwi, kwa sababu kinachopimwa kimo kwenye mizizi. Mkia uwe safi na mkavu. Nywele huwekwa katika bahasha ya karatasi, kila ng'ombe na bahasha yake, na namba yake huandikwa nje. Hazihitaji barafu. Uchunguzi wenyewe ni kazi ya maabara ya jeni, si ya duka la dawa za mifugo, na daktari wa mifugo ndiye anayeelekeza ni kasoro gani ya kutafutwa. Kipimo hutafuta kasoro iliyotajwa tu. Cheti kisemacho kuwa fahali hana kasoro moja hakimaanishi kuwa hana nyingine.

MIMBA IKITOKA: USALAMA WA FAMILIA KWANZA

Mimba iliyotoka isichukuliwe haraka kuwa ni kasoro ya kurithi. Bruselosi hutupa mimba za ng'ombe na humwambukiza binadamu homa ya muda mrefu na maumivu ya viungo. Homa ya Bonde la Ufa, ambayo ililipuka nchini mwaka 1997 hadi 1998 na tena 2006 hadi 2007 baada ya mvua kubwa, hutupa mimba nyingi kwa wakati mmoja na huua watu. Fahali wa mtaa naye anaweza kueneza magonjwa ya uzazi kutoka ng'ombe mmoja hadi mwingine.

Kwa hiyo, mimba ikitoka:

Hakuna anayefaa kugusa kijusi, kondo la nyuma au majimaji kwa mikono mitupu. Wajawazito na watoto wakae mbali na banda.

Daktari wa mifugo aitwe kabla ya kitu chochote kutupwa, kwa sababu sampuli ya siku hiyo ndiyo yenye majibu. Ndama mwenye kasoro apigwe picha.

Baadaye mabaki yafukiwe kwa kina au yachomwe. Mbwa wasiachiwe kuyala, kwani wao hueneza ugonjwa mwingine unaotupa mimba.

Maziwa ya banda hilo yachemshwe vizuri kabla ya kunywewa, na ng'ombe huyo asiuzwe wala kuhamishwa kabla ya majibu. Chini ya sheria ya magonjwa ya wanyama, magonjwa ya aina hii hutolewa taarifa kwa mamlaka ya mifugo.

Majibu yakionyesha hakuna maambukizi, hapo daftari lifunguliwe na ukoo uangaliwe.

HUDUMA ZIKO WAPI?

Tangu ugatuzi uanze mwaka 2013, ufugaji na udhibiti wa magonjwa ya wanyama ni miongoni mwa majukumu ambayo Katiba ya 2010 imeyakabidhi serikali za kaunti. Mkaazi wa Chaani mwenye swali kuhusu kupandisha, ndama mwenye kasoro au fahali wa mtaa anaweza kufika kwa maafisa wa mifugo wa kaunti ndogo ya Changamwe. Wakaazi wa Likoni, Kisauni, Nyali, Jomvu na Mvita wafike katika ofisi za kaunti ndogo zao. Aende na daftari kama analo. Kama hana, aende na majina ya ng'ombe wake, mama zao na fahali aliyewapanda, kadiri anavyokumbuka, na ukurasa wa kwanza uandikwe siku hiyo.

Majirani wanaotumia fahali mmoja nao wanaweza kuketi pamoja, kuandika ni ng'ombe gani aliyepandwa lini, na kukubaliana siku ya kumbadilisha. Chaani ni ndogo, na mabanda yanajuana. Ukoo wa ng'ombe wa mtaa mzima unaweza kuandikwa kwa jioni moja.